Aliyevua Mwenyewe Ana Siri Gani?

Wanasheria wenzangu, na nyinyi vijana wa kamera mliojibana karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kukimbia:

Kadi za mwaliko wa mhadhara huu ziliposambazwa, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinipigia simu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hao watu wamevua wenyewe, mchana kweupe, mbele za watu. Sasa wana siri gani tena ya kulindwa na sheria?" Nikamwomba aje asikilize. Namwona ameketi pale mbele, na nitakayosema leo yote ni jibu lake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kiangazi cha mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi Munich, kusini mwa Ujerumani. Jumamosi moja nilikuwa nakatiza Englischer Garten, bustani kubwa iliyo katikati ya mji, nikiwa na kamera ya kuazima yenye filamu ya picha thelathini na sita. Nikatokea kwenye uwanda wa majani uitwao Schönfeldwiese. Watu walikuwa wamelala juani uchi wa mnyama. Si vijana wa kujionyesha. Walikuwa watu wa kawaida kabisa: bibi anasoma gazeti, bwana mwenye kitambi anamenya chungwa, na karibu yake suti ya ofisini imekunjwa vizuri juu ya mkoba. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyelelewa katika nyumba ambayo hata chumbani kwa mama mzazi huingii bila hodi, nikaduwaa. Kisha nikafanya afanyalo mgeni yeyote mwenye kamera. Nikafungua kifuniko cha lenzi.

Sijaliweka hata jicho, mzee mmoja akainuka majanini, akaja moja kwa moja hadi mbele yangu, hana hata uzi mwilini, akasema kwa upole, "Hapa hatupigi picha." Nami, kwa ujuvi wa ujana, nikamjibu kama alivyouliza mzee wetu: "Lakini mko hadharani." Kilichofuata nitakisimulia baadaye.

Kwanza tujue tunazungumzia watu gani. Wajerumani wana herufi tatu, FKK, wakimaanisha utamaduni wa mwili huru. Wengine huuita unaturisti. Mwaka 1903 palifunguliwa bustani ya namna hii Klingberg, kaskazini mwa Ujerumani, na wenyewe walihubiri jua, hewa na afya. Serikali ya Wanazi ilianza kuwabana mara tu iliposhika madaraka mwaka 1933. Ufaransa ilipata kituo chake cha Montalivet, kando ya Atlantiki, mwaka 1950, na hapo ndipo shirikisho la kimataifa lilipoundwa mwaka 1953. Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyomnyima raia mambo mengi, ilimwachia fukwe za uchi za Bahari ya Baltiki. Brighton, Uingereza, ilitenga kipande cha ufukwe wake mwaka 1980. Siwatetei wala siwahukumu. Imani yangu na malezi yangu vinajulikana. Nimekuja kuzungumza juu ya kamera.

Na juu ya kamera hatuhitaji kwenda Munich ili tuelewe. Twendeni Mombasa, kwenye ukumbi wa harusi siku ya kupamba. Bibi harusi anatolewa, na wanawake mia mbili, mia tatu wamevua mabuibui. Nywele zimetengenezwa, mabega yako wazi, hina imepanda hadi viwikoni, nguo zimebana zinavyotaka kubana. Kila mmoja anamwona mwenzake, na kwa kweli kuonana ndiko kulikowaleta. Lakini mlangoni wameketi mashangazi wawili na kikapu, na kadi ilishasema mapema kuwa simu za kamera haziruhusiwi. Anayejaribu kuichomoa simu kwa siri huvamiwa kabla hajaiwasha. Sijapata kusikia hata siku moja mtu akimtetea kwa kusema, "Si mmevua wenyewe?"

Wanawake wa Mombasa na waota jua wa Munich wangekutana wangeshangaana. Kuhusu stara hawakubaliani hata neno moja. Ila mlangoni wanashika kanuni ile ile: nimekubali kuonwa na waliomo humu, leo, kwa muda huu. Jicho la jirani husahau, tena jirani mwenyewe yumo ndani kama mimi, na aibu yake iko mikononi mwangu kama yangu ilivyo mikononi mwake. Picha haimo ndani. Inatoka na kuzunguka, na inafika kwa mwajiri, kwa mkwe, kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kiswahili nacho kina neno lake hapa. Wengine husema picha "huchukuliwa", sisi husema "hupigwa", na mtu naye hupigwa. Sijui aliyeanza kusema hivyo aliwaza nini, lakini mwanasheria akilisikia neno lile huuliza mara moja: nani kapigwa, na alikubali?

Sasa sheria. Watu hudhani haki ya mtu juu ya sura yake ilizaliwa na magazeti ya udaku au na intaneti. Ilizaliwa vitandani mwa wafu.

Januari 1858 alifariki Rachel, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa la Paris. Dada yake aliita wapiga picha wampige marehemu kitandani, kwa sharti kwamba picha zibaki kwa familia. Punde mchoro uliofanana mno na picha hizo ukaanza kuuzwa. Dada akaenda mahakamani, na tarehe 16 Juni mwaka huo huo mahakama ya Paris ikaamuru michoro ikamatwe. Ilisema kwamba hakuna awaye yote anayeweza, bila ridhaa ya familia, kutangaza sura ya mtu aliyelala kwenye kitanda cha mauti, hata marehemu awe na umaarufu wa namna gani.

Miaka arobaini baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1898, wapiga picha wawili wa Hamburg, Willy Wilcke na Max Priester, waliingia kwa siri katika nyumba ya Friedrichsruh, ambamo kansela wa zamani wa Ujerumani, Bismarck, alikuwa amekata roho saa chache tu kabla. Walikuwa wamempa fedha mtu wa humo humo awafungulie njia. Wakawasha unga wa magnesiamu, wakampiga picha mzee wa watu amelala, kitambaa kimefungwa kichwani, kisha wakaanza kutafuta mnunuzi. Sahani za picha zilikamatwa kabla hazijachapishwa. Lakini wanasheria wa Ujerumani walipofungua vitabu vyao walikuta aibu kubwa: hapakuwa na kifungu hata kimoja kilichokataza kumpiga mtu picha. Ikabidi mahakama ipite mlango wa nyuma. Waliingia nyumba ya watu bila ruhusa, basi walichokipata kwa uvamizi lazima wakirudishe. Hukumu hiyo ya Desemba 1899 iliwapa haki watoto wa Bismarck, ila kila mtu aliona kwamba imesimama kwa mguu mmoja. Je, wangepenyeza lenzi dirishani bila kukanyaga kizingiti?

Sheria ya kuziba pengo hilo ilitiwa saini Januari 1907, na kifungu chake cha 22 bado kinatumika Ujerumani hadi leo tunapoongea: picha ya mtu haisambazwi wala kuonyeshwa hadharani ila kwa ridhaa yake. Akifa, familia yake ndiyo yenye kauli kwa miaka kumi. Kipo na kifungu cha 23 chenye mianya. Mmojawapo unamruhusu mtu kuonekana kwenye picha kama nyongeza tu ya mandhari. Ukipiga ziwa na kwa mbali pana watu wadogo kama mchwa, hutahitaji kuwauliza. Wapiga chabo wengi wamejificha nyuma ya neno hilo "mandhari", lenzi ndefu ikiwa imelenga taulo moja tu. Lakini sheria yenyewe inasema mwanya unafungwa pale maslahi halali ya mpigwa picha yanapoumizwa, na mtu aliye uchi si mti wa kupambia ziwa.

Mtaona kwamba sheria ya 1907 inazungumza kuhusu kusambaza na kuonyesha. Kupiga kwenyewe imekunyamazia. Mwaka ule ilieleweka. Kamera ilikuwa kamera tu, mara nyingi sanduku lenye miguu mitatu, na mwenye nayo alionekana akiilenga. Ungeweza kuinuka ukaondoka, au ukamfuata kama nilivyofuatwa mimi. Leo kamera ni simu hiyo hiyo mtu anayosomea gazeti, anayolipia chai na kuangalia saa. Ukimwona mtu ameinua simu ufukweni, huwezi kujua anasoma ujumbe wa mkewe au anakupiga wewe.

Bunge la Ujerumani lilijaribu kuukimbiza wakati. Mwaka 2004 liliingiza kifungu cha 201a katika sheria ya jinai: kumpiga mtu picha ndani ya makazi, au ndani ya chumba kilichokingwa kwa makusudi dhidi ya macho, kwa namna inayoumiza undani wa maisha yake, ni kosa hata kama picha haijaonyeshwa kwa mtu. Choo kinaingia hapo, na chumba cha kubadilishia nguo, na chumba cha daktari. Sasa nendeni ufukweni mkanionyeshe ukuta uko wapi.

Kisha, kuanzia tarehe 1 Januari 2021, kikaja kifungu cha 184k, hasa kwa ajili ya wale wanaopenyeza simu chini ya sketi za wanawake kwenye ngazi za treni. Adhabu yake hufika miaka miwili jela. Kinalinda sehemu za siri, makalio na matiti, na hapo hapo mwandishi wa sheria akaongeza sharti: kadiri sehemu hizo zilivyokingwa zisionekane. Uingereza ilikuwa imetunga sheria yake mwaka 2019, baada ya mwanamke kijana, Gina Martin, kupigwa picha ya namna hiyo kwenye tamasha na kuambiwa kwamba polisi hawana la kufanya. Nayo inazungumzia kupiga chini ya nguo. Ufaransa mwaka 2018 iliandika juu ya sehemu ambazo mtu amezificha kwa mavazi yake au kwa kuwa ndani ya mahali palipofungwa.

Mabunge matatu, lugha tatu, na sharti ni lile lile. Sheria inauliza: mwili ulikuwa umefunikwa? Mahali palikuwa pamefungwa? Aliyevaa sketi kwenye ngazi ya treni analindwa na sheria ya jinai, na ni haki yake. Aliyelala uchi ziwani mita mia kutoka hapo, akipigwa picha na mtu yule yule kwa simu ile ile, anaweza kuambiwa kwamba vifungu hivi havimhusu kwa sababu hakuwa na kitambaa cha kumkinga. Mzee wangu pale mbele, hili ndilo swali lako lenyewe likiwa limevaa joho la mahakama. Nami nasema wamekosea wao kama ulivyokosea wewe, samahani sana. Wametazama nguo wakati walipaswa kutazama ridhaa. Mwizi wa sketi na mwizi wa ufukweni wameiba kitu kimoja, nacho si sura ya paja.

Ufaransa ina mtego wa ziada. Kifungu cha 226-1 kinampa mwaka mmoja jela na faini ya euro 45,000 anayempiga mtu picha mahali pa faragha bila ridhaa. Lakini kinaongeza kwamba ikiwa picha ilipigwa mbele ya macho yake, naye akijua, na akanyamaza ilhali angeweza kupinga, basi huchukuliwa kuwa amekubali. Kimya kikawa ridhaa! Wanawake waliomo humu wanajua kimya kina maana ngapi. Mtu aliye uchi mbele ya mtu aliyevaa, tena mwenye kifaa mkononi, hayuko katika hali nzuri ya kuanzisha ugomvi. Mzee wa Munich alikuwa na ujasiri wa kuja hadi kwangu. Ni wangapi hugeukia upande wa pili tu na kuvuta taulo?

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ndiyo iliyokaribia zaidi. Mwaka 2009 iliamua kesi dhidi ya Ugiriki. Mpiga picha wa kliniki moja alimpiga mtoto mchanga aliyekuwa chini ya uangalizi maalumu, wazazi hawajaulizwa. Wazazi wakataka negativu, wakanyimwa. Picha haikuchapishwa popote, na mtoto wala hakujua kitu. Hata hivyo mahakama ikasema haki yake imevunjwa, kwa kuwa kuimiliki sura yako kunaanzia pale picha inapopigwa na kuwekwa, si siku inapotangazwa. Mahakama haikuhitaji kuuliza kama mtoto alikuwa amefunikwa au la.

Pale sheria inapochelewa, wenyewe wamejilinda kwa kanuni za mlangoni, na kusema kweli kanuni hizi hufanya kazi kuliko vifungu vyote nilivyotaja. Kituo chenye uzio kina mwenyewe, na mwenye mahali ana haki ya kusema nani aingie na kwa masharti gani. Ukikaidi unatolewa, na ukigoma kutoka, Ujerumani hilo peke yake ni kosa la jinai. Vilabu vingi vya unaturisti hukataza picha kabisa, au huruhusu familia ijipige yenyewe kwa yenyewe baada ya kuhakikisha hakuna mtu mwingine nyuma yao. Kuhusu watoto hawana mjadala, na sheria nazo hapo zina meno makali. Klabu ya muziki ya Berghain, Berlin, hubandika stika juu ya lenzi ya simu ya kila anayeingia. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka mashangazi wa kikapu. Droni ndiyo imewashinda wote, kwa sababu haipiti mlangoni.

Liko jambo jingine ambalo wapiga picha hulisahau, nalo ni kwamba ridhaa ina mipaka yake hata ikishatolewa. Mwaka 1985 mahakama kuu ya Ujerumani ya kesi za madai iliamua juu ya picha ya uchi iliyopigwa kwa kibali kwa ajili ya kitabu cha shule cha bayolojia. Kituo cha televisheni kiliichukua humo kikaionyesha. Kitabu kilikuwa kimechapishwa tayari, watoto walikuwa nacho mikobani, na bado mahakama ikasema kibali cha kitabu si kibali cha televisheni. Oktoba 2015 mahakama hiyo hiyo ikaenda mbali zaidi: wapenzi wakiachana, picha za faragha zilizopigwa kwa hiari wakati wa mapenzi zinaweza kuagizwa zifutwe, kwa kuwa ridhaa ilikuwa ya muda wa mapenzi yale.

Hapo nafikiria majarida ya zamani ya wanaturisti. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jarida lao moja lisafirishwe kwa posta, na ulikuwa ushindi wa uhuru wa kuchapisha. Waliokubali picha zao ziingie katika majarida kama hayo walikubali kuonwa na wanachama wenzao, kwenye karatasi, miaka ile. Leo mtu anaweza kuziskani kurasa hizo na kuzipeleka popote duniani. Nani atamtafuta bibi wa miaka tisini amuulize upya?

Mtasema: sisi huku hatuna fukwe za namna hii, na kwa sheria zetu anayevua hadharani atakamatwa yeye kabla ya mwenye kamera. Kweli. Lakini kumbi tunazo, vilabu tunavyo, mabwawa ya kuogelea na saluni tunazo. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza sehemu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja yule alikuwa mahali pa burudani, ambapo wengine waliokuwamo waliweza kumwona. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 haikuuliza alivaa nini, iliuliza kama alikubali. Tanzania nayo imekuwa na sheria yake ya taarifa binafsi tangu 2022. Katika hili moja, vijana wangu wa kamera, Nairobi imeuliza swali zuri kuliko Berlin.

Sasa nirudi majanini.

Nilipomwambia yule mzee kwamba wako hadharani, hakukasirika. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama kwetu mtu akikukuta umeketi barazani anaweza kuketi mapajani mwako, maadamu baraza liko nje. Nikakosa jibu, nikaweka kifuniko cha lenzi mahali pake. Tukazungumza kidogo. Alikuwa mstaafu, na kila jua likitoka alikuja pale. Nilipokuwa naaga nikaona aibu kuondoka bila chochote, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafunzwa, nikauliza: naweza kukupiga wewe peke yako, picha moja, niwaonyeshe wenzangu Mombasa mtu aliyenifunza adabu?

Akafikiri, akasema ndiyo, kwa furaha kabisa. Halafu, kabla sijainua kamera, yule mzee aliyekuwa amekaa nami nusu saa nzima bila hata kitambaa na bila wasiwasi wowote, akainama akaokota taulo lake, akajifunga kiunoni, akalikaza fundo vizuri, akachana nywele kwa vidole, akasimama wima akasubiri.